Breki za gari la spoti zinalia: je, ni lazima ununue diski mpya?

Swali: "Gari langu la spoti lina kalipa (vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni 4 mbele na diski zenye matundu. Miezi 3 iliyopita niliweka pedi za mbio kwa sababu huwa nalipeleka uwanjani mara mojamoja, diski nikabaki na zilezile. Tangu hapo breki za mbele zinalia kwa sauti kali ninapokaribia kusimama, asubuhi ndiyo zaidi. Nikiwa kasi sisikii kitu. Fundi alipaka grisi nyuma ya pedi, zikatulia siku 4, kisha zikaanza tena. Sasa ananiambia ninunue diski. Ni kweli? Na ni hatari kuendelea kuliendesha?"

Jibu: Diski usinunue kwanza. Maelezo yako yenyewe yana dalili 3 zinazoelekeza kwingine: umebadili aina ya pedi bila kugusa diski, kelele inatoka breki zikiwa za baridi na mguu ukiwa mwepesi, na grisi ilinyamazisha kwa siku chache tu. Diski mbovu haitulizwi na grisi iliyopakwa nyuma ya pedi.

Kuhusu hatari, sikiliza aina ya sauti. Mluzi mwembamba unaokuja na kupotea mara nyingi ni kero tu. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, gari kuvutwa upande mmoja ukikanyaga, kanyagio kuzama au mafuta ya breki kupungua kwenye kichupa ni mambo mengine kabisa. Hapo gari lisitembee mpaka lifunguliwe. Kisha pima unene wa pedi. Tambua kwamba pedi nyingi za mbio hazina kile kidole cha chuma kinachogusa diski na kulia pedi inapokaribia kwisha, na nyingi hazina hata nafasi ya waya wa kitambuzi. Huna kengele ya kukuonya, kwa hiyo jicho ndilo kipimo. Nyenzo ikibaki milimita 3 juu ya bamba la chuma, badilisha. Kwa pedi za uwanjani mimi ningezitoa hata mapema zaidi, maana pedi nyembamba hupitisha joto upesi hadi kwenye pistoni na mafuta.

Sasa, kwa nini zinalia? Pedi haishiki diski kwa nguvu iliyo sawa muda wote. Inanata, inateleza, inanata tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na mtikisiko huo ukipatana na mtikisiko wa asili wa diski, diski inaimba kama kengele iliyogongwa. Mluzi wa namna hii huwa juu ya mizunguko 1,000 kwa sekunde, na unaweza kupita 10,000, ndiyo maana unachoma masikio. Vitu 3 ndivyo vinavyoupa nafasi: msuguano mkali, pedi iliyolegea au iliyobanwa vibaya mahali inapokaa, na kukosekana kwa kitu laini cha kumeza mtikisiko kati ya pistoni na bamba la pedi.

Pedi zako zinaleta cha kwanza bila hata kuombwa. Zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto la mamia ya nyuzi. Zikiwa za baridi zinasugua diski kama msasa. Ukiwa kasi na ukakanyaga kwa nguvu, pistoni zinaikandamiza pedi isipate nafasi ya kucheza, joto linapanda, na hata kama kuna sauti kidogo, upepo na matairi vinaifunika. Ukikaribia kusimama, mguu mwepesi, pedi inaelea juu ya diski na kutetemeka inavyotaka. Unyevu wa usiku na ile kutu nyembamba ya asubuhi vinaongeza chumvi kwenye kidonda; hiyo sehemu ya kelele huisha baada ya kukanyaga mara 3 au 4, haihitaji tiba.

Jambo ambalo nadhani limekukosesha usingizi zaidi ni lile la diski zilezile. Breki nzuri haisuguani pedi kwa chuma kitupu. Pedi huacha utando mwembamba wa nyenzo yake juu ya diski, na kazi kubwa hufanyika kati ya pedi na utando huo. Diski zako zilikuwa na utando wa pedi za zamani. Pedi za mbio zimekuja na mchanganyiko mwingine, zikakuta utando usio wao, zikaukwangua hapa na kuuacha pale. Uso wenye mabaka hauwezi kutulia. Kwa hiyo fundi wako hakukosea kabisa kutaja diski, ila dawa yake ni kuzisafisha, si kuzitupa.

Kabla ya kuzigusa, hakikisha ni za chuma. Diski za kaboni na kauri nazo huja na matundu. Weka sumaku kwenye eneo ambalo pedi inasugua: ikinata, ni chuma na maelezo yanayofuata yanakuhusu. Isiponata, weka msasa kando, usisafishe kwa burashi ya waya, na usivalishe pedi yoyote isipokuwa ile iliyoandikwa kwa diski za aina hiyo. Hizo hulia kwa urahisi zikiwa na maji au baridi, na kwa sehemu kubwa huvumiliwa hivyo hivyo.

Kufungua. Gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yamewekewa vigingi, nati zilegezwe kabla ya kuinua, kisha gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Geuza usukani ili kalipa ijitokeze. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Kwenye kalipa nyingi za aina yako, ambazo hazitembei bali pistoni husukuma kutoka pande zote mbili, pedi hutoka kwa juu baada ya kutoa pini na springi bapa, bila kufungua kalipa yenyewe. Angalia pini inaingilia upande gani na itoe kwa njia hiyohiyo. Ikiwa kwako lazima kalipa ifunguliwe, ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwenye mpira wa mafuta.

Kila pedi iandike ilipotoka: kulia au kushoto, ndani au nje. Hili si urembo. Kwenye kalipa nyingi za pistoni 4 na 6, pistoni hazilingani: ndogo hukaa upande ambao diski inaingilia, kubwa upande inapotokea, ili pedi ilike sawasawa. Pedi nyingine huchongwa kufuata hilo na huwa na mshale wa mwelekeo wa mzunguko. Ukizigeuza zitalia na zitaliwa kimshazari. Na ukiwa hapohapo, tazama niplo ya kutolea hewa: inapaswa kuwa juu. Ikiwa iko chini tu kwenye kalipa iliyowahi kufunguliwa, kuna uwezekano kalipa ya kulia imefungwa kushoto, na hutakaa utoe hewa yote humo.

Vumbi la pedi lisipulizwe kwa kompresa. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, vaa barakoa. Kwenye magari ya zamani vumbi hilo linaweza kuwa na asibesto.

Soma pedi kabla ya kuisafisha, maana inasimulia. Uso unaong'aa kama kioo umeungua juu: kile kinachounganisha nyenzo kimepikwa kikawa gamba gumu, mara nyingi kwa sababu pedi mpya ilipigwa joto kali bila kuzoeshwa. Ikiwa imeliwa zaidi mwisho mmoja, imekaa vibaya au inakwama. Ikiwa ya ndani ni nyembamba kuliko ya nje kwa zaidi ya milimita 1 au 2, pistoni za upande mmoja hazirudi. Nyufa ndogo za uso zinavumilika. Pedi iliyoanza kuachana na bamba lake haivumiliki, tupa.

Kisha njoo kwenye jambo ambalo mafundi wengi waliozoea magari ya kawaida hulipita. Huko wanakusafishia na kukupakia grisi zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake, na kelele inakwisha. Kalipa zako za mbele hazina pini hizo. Pedi ndiyo inayotembea, masikio yake yakiteleza kwenye kingo za kalipa. Kingo hizo, kalipa ikiwa ya alumini, kwa kawaida hulindwa na vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu vilivyokazwa kwa skrubu ndogo. Alumini chini ya kibati huota unga mweupe, unga unakisukuma kibati kiinuke, nafasi inapungua, pedi inabanwa. Haiwezi kurudi nyuma ukiachia breki, inaendelea kugusa diski kidogokidogo, inalia.

Jaribio lake ni rahisi: pedi safi inapaswa kuingia na kutoka kwa kusukumwa na vidole, bila nyundo, lakini isicheze huku na huku. Ikibana, usichonge kalipa. Fungua vibati, kwangua unga mpaka alumini ionekane safi, rudisha vibati kwa skrubu mpya zenye gundi ya kuzuia kulegea. Skrubu hizo hupenda kukatika, kwa hiyo zipashe joto kidogo kwanza na usitumie nguvu za kugombana. Wakati mwingine tatizo ni rangi nene tu kwenye masikio ya pedi mpya. Piga tupa rangi itoke, chuma kisiguswe.

Sasa grisi. Kutulia kwa siku 4 ndiyo habari yenye thamani kuliko zote ulizotoa. Inamaanisha mtikisiko unapita kati ya pistoni na bamba la pedi, na kwamba kitu laini kikikaa hapo kelele inakufa. Grisi ilipikwa na kusukumwa pembeni, kelele ikarudi. Kinachohitajika hapo ni kibamba cha kuzuia mtikisiko: karatasi ya chuma yenye tabaka la mpira, na mara nyingi gundi upande mmoja. Pedi nyingi za mbio huuzwa bila hicho kibamba, na ni rahisi cha zamani kuishia kwenye pipa pamoja na pedi za zamani. Magari mengine, hasa ya Ujerumani, yana kidude kinachoingia ndani ya tundu la pistoni na kushikwa kwa gundi kwenye bamba la pedi. Hicho kikishang'olewa hakishiki tena, nunua kipya.

Kukibandika: osha mgongo wa pedi kwa dawa ya breki, acha ukauke kabisa, bandika mara moja tu bila kukisogezasogeza, kandamiza kwa jiliwa dakika chache. Hakikisha baada ya kuongeza unene huo pedi bado inaingia bila kulazimishwa.

Na uulize ilikuwa grisi gani. Sili na kofia za vumbi za pistoni ni za mpira ambao huvimba ukikutana na mafuta ya petroli au grisi ya kawaida ya beringi. Sili iliyovimba hairudishi pistoni, na hapo umenunua tatizo kubwa kuliko mluzi. Ukiona kofia ya pistoni imetuna au imelegea kama imekua, kalipa ifunguliwe ibadilishwe seti ya mipira. Grisi ya shaba nayo ina wapenzi wengi, lakini kwenye kalipa za alumini siitaki: shaba na alumini pamoja na unyevu huharakisha ule unga mweupe. Tumia grisi ya breki ya silikoni au ya kauri inayovumilia joto, kiasi cha punje ya mchele kwenye kila sikio la pedi na utando mwembamba kwenye pini. Inayotosha ni ile ambayo karibu huioni. Uso wa pedi na diski usiguswe hata na kidole chenye mafuta.

Baada ya hapo, nyuso zenyewe. Pedi: weka msasa wa namba 80 hadi 120 juu ya kioo au bamba lililonyooka, sugua pedi kwa mzunguko wa namba nane mpaka mng'aro uishe. Huondoi zaidi ya nusu milimita. Tazama ukingo ambao diski inaingilia: ukiwa na kona ya mraba, uchonge kwa mshazari wa nyuzi 45, upana wa milimita 3 hadi 5. Kona kali hujichimbia kwenye diski na kuruka; mshazari huifanya pedi iingie kwa upole. Chonga pedi zote 4 za mbele sawa. Kama zimekuja na mshazari kutoka kiwandani, ziache.

Diski: msasa mwingine, si uleule wa pedi, namba 120 au karibu na hapo, kwa mikato inayopishana, pande zote mbili, mpaka mabaka yapotee na uso uwe wa kijivu kinachofanana. Osha kwa dawa ya breki. Matundu yaliyojaa vumbi yazibue kwa kuzungusha keekee kwa mkono, bila mashine. (Ule mvumo wa chini unaousikia ukikanyaga ukiwa kasi ni matundu kupita kwenye pedi. Ni wa kawaida na hautaondoka.)

Ukitoa diski kwenye habu (kitovu cha gurudumu), futa kutu iliyo nyuma yake. Chembe moja ya kutu pale huifanya diski iyumbe. Kipimo cha mshale (kile chenye uso kama wa saa cha kupimia myumbo) kikiwekwa kama milimita 10 kutoka ukingoni, diski ikiwa imekazwa kwa nati, magari mengi hayataki myumbo uzidi milimita 0.05. Lakini usichanganye mambo: myumbo na unene usiolingana huleta mtetemo kwenye kanyagio na usukani, mara chache sana huleta mluzi.

Diski zinunuliwe lini, basi? Unene ukifika chini ya kipimo kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Ufa ukiunganisha tundu na tundu, au ukifika ukingoni. Na madoa ya bluu au meusi magumu ambayo msasa unayafuta leo na yanarudi wiki ijayo: hapo chuma chenyewe kimegeuka kwa joto, kimekuwa kigumu mahali hapo, na hakuna kusafisha kutakakokisaidia. Zibadilishwe zote mbili za mbele kwa pamoja. Bila mojawapo ya hayo, kubadili diski kutakupa utulivu mpaka pedi zilezile ziziharibu na hizo.

Kuzoesha ndiko kunakojenga utando mpya, na ndiko watu wanakokuruka. Fuata karatasi ya mtengenezaji wa pedi. Kama haipo, tafuta barabara isiyo na watu wala magari. Kanyaga kanyagio mara kadhaa gari limesimama mpaka liwe gumu, kisha kanyaga mara 5 kwa upole kutoka kilomita 50 kwa saa ili kupasha moto. Halafu mara 8 hadi 10 kutoka 100 mpaka 20, kwa nguvu lakini bila kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), na usisimame kabisa. Ongeza mwendo papo hapo urudie. Harufu na moshi kidogo visikutishe. Kanyagio likianza kuwa laini, acha. Ukimaliza, endesha dakika 10 karibu bila kugusa breki. Usisimame ukiwa umekanyaga na usivute breki ya mkono zikiwa za moto, kwa sababu pedi itajigonga muhuri mahali hapo na utabaki na baka.

Hapa kuna ukweli usiopendeza. Hata ukifanya yote haya vizuri, pedi za mbio kwenye safari fupi za mjini zitaukwangua utando huo, kwa sababu zikiwa za baridi ndivyo zinavyofanya kazi. Baada ya wiki chache mluzi unaweza kurudi, utazizoesha tena, na diski zitaliwa upesi huku ukisimama vibaya asubuhi kuliko mwenye pedi za kawaida. Maoni yangu: kuwa na seti 2, za barabarani na za uwanjani, ikiwezekana za mtengenezaji mmoja aliyesema zinapatana kwenye diski moja. Kwa kalipa ambazo pedi hutoka kwa juu, kubadilisha ekseli ya mbele ni kazi ya saa moja. Ukirudisha pistoni nyuma, kwanza punguza mafuta kwenye kichupa yasimwagike, maana yanakula rangi ya gari. Na kwa kuwa unakwenda uwanjani, mafuta hayo yabadilishe angalau mara moja kwa mwaka: DOT 4 (daraja moja la mafuta ya breki) mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Hilo halihusiani na mluzi, ila ni kubwa kuliko mluzi.

Baada ya kufunga, usinyunyize chochote juu ya diski ili kuzinyamazisha, kanyaga kanyagio mpaka liwe gumu kabla gari halijasogea, na kaza nati kwa mtindo wa nyota kwa kipimo cha gari lako.

Ikibaki kulia gurudumu moja tu, hamishia pedi zake upande wa pili, mradi hazina mshale wa mwelekeo. Kelele ikizifuata, kosa liko kwenye pedi. Ikibaki palepale, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu: likiwa zito, kuna pistoni iliyokwama, likikwaruza bila kuwa zito, tazama bati la vumbi nyuma ya diski na kokoto iliyojibanza hapo, likicheza ukilitikisa juu na chini, beringi ndiyo ya kushughulikia.